Ufa Uliopinda Ndani ya Shoka

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Tabora tu wazima, na mama yako mdogo amehamia Nzega. Unauliza kwa nini ufa katika bamba unalolipima, la metali zilizounganishwa tabaka kwa tabaka, ulikoma kwenye maungio, pale tabaka mbili zinapokutana. Mimi siuamini ufa uliokoma.

Babu yako, mhunzi, alikuja kuniposa na shoka alilofua mwenyewe: chuma kigumu katikati, laini pande zote mbili. Baba yangu, fundi wa karakana ya reli, alilipaka mafuta ya taa, akalifuta, akalipaka chaki ili inyonye mafuta yaliyoingia kwenye ufa wowote. Mstari mwembamba wa mafuta ukajitokeza.

“Ufa huo ni wa juu tu, mzee,” akasema babu yako.

“Umeishia au umejificha? Nikupe binti kwa shoka lenye siri?”

Babu yako akaomba nyundo na patasi, akalipasua. Ufa ulikuwa umefika kwenye maungio, ukapinda, ukatambaa mbali kati ya vyuma viwili.

“Sikujua, mzee. Sasa tumeona wote.”

Baba alimkazia macho, bado ana shaka. Kisha akaniambia nimletee mgeni maji ya kunawa, ale nasi.

Likate bamba lako ubavuni, uangalie.

Bibi yako