Mugeni wa Bariere

Bunia

Furaha mudogo wangu,

Najua umekwisha kulia. Pangusa macho kwanza, ndiyo usome. Mutu aliyekupatia hii karatasi ni Faustin, bwana yako. Hana kidonda, amekonda tu. Siye huku Bunia tuko wazima. Masasi ya bunduki ililia juma lote, leo soko imefunguka. Mambasa kuko namna gani? Magoti ya Mama je?

Sasa sikia namna alitoka. Wenye silaha walimushusha Faustin juu ya kinga yake, ile baiskeli, pale bariere wanapofunga barabara, wakamuweka kifungoni, eti ni mupelelezi. Mimi, unanijua, shule niliacha kwa kukosa mwalimu wa kuniweza. Nikaandika barua ya kurasa ine, "Ekselansi" ya heshima mara kumi na moja. Karani wa soko alipoisoma alitoa kofia! Nikaipeleka mimi mwenyewe, masasi yakinipisha njia. Mukubwa wa bariere akasoma mustari wa kwanza tu: "Tunaomba mumuachilie mufungwa wenu."

"Muzee, hapa unaona gereza?"

"Hapana, Afande."

"Basi mufungwa unamutafutia nini hapa? Toka!"

Nikatoka na kurasa zangu. Ndiyo nikaenda kwa Mama Aneti, mujane anayepigia watu barua kwa mashini pembeni ya posta. Akasoma kurasa zangu zote, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Noko, mujomba wetu, ukisema mufungwa, yeye anakuwa nani? Mulinzi wa gereza! Nani anataka jina hilo mbele ya watu wake?"

Akapiga mistari miwili. Nimeishika kwa kichwa: "Afande, familia tunashukuru kwa kumuchunga mugeni wenu Faustin. Bibi yake anauliza mugeni atasindikizwa siku gani, apate kumutekea maji ya kuoga."

Furaha, yule mama! Hakulia, hakutukana, hata kuomba hakuomba. Alimupa tu yule mutu nafasi ya kuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kwetu anajua kazi yake. Nikarudi nayo bariere. Mukubwa akasoma mara mbili, akakunja karatasi. Kisha akageukia watu wake: "Mugeni iko wapi? Munamuweka bila chakula?" Wakamusindikiza mpaka mulango wangu, na kinga yake, na kuku kwa mukono, maana mugeni haendi mikono mitupu. Kuku yenyewe ilikuwa kama mbuzi. Faustin atasema ilikuwa ndogo, usimusikie.

Nimemuacha Faustin aamini ni mimi niliyeandika. Weye nakuambia kweli: mimi nilibeba tu.

Salimia Mama, mwambie kifungua mimba wake iko anakula. Salimia shangazi muuza mihogo, na yule shemeji mwimbishaji aliyenitoa kwaya, nimemusamehe. Na Faustin umupikie vizuri, umukalishe, umukemee kama zamani. Lakini hata kwa muchezo usimuite mugeni. Mugeni iko siku anaenda.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mukubwa, noko wa watoto wako,

Zakaria