Bibi Aliyeandikwa Kuwa Amekataa

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Kwako Dada yangu mpenzi Verlene,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo bondeni, na lile goti lako limekupa nafasi ya kupumua, maana baridi ya mwaka huu imekuja mapema na haina adabu. Vipi kanisani, bado mnaimba bila kinanda? Na yule jogoo mgomvi bado yupo, au hatimaye umemtia chunguni? Mara ya mwisho kukaa nawe vizuri ilikuwa Mei, tulipokwenda kusafisha kaburi la mumeo Doyle. Najua unalalamika kwamba nimekutupa, na una haki ya kulalamika. Sababu utaiona humu.

Mimi ni mzima wa kula na kutembea tu. Kuchoka nimechoka, Dada, uchovu ambao hata nikilala naamka nao. Nina watoto arobaini na mmoja kwenye orodha yangu, na sheria inataka kila mmoja nimwone kwa macho yangu kila mwezi. Hebu fikiria milima yetu hii na gari la ofisi yetu ya ustawi wa watoto lenye breki za kuombea dua. Mwaka huu wenzetu sita wameacha kazi. Wa mwisho aliweka funguo mezani saa nne asubuhi, akatuambia anakwenda kuuza maua kwa sababu maua hayamtukani mtu. Jumatatu iliyopita nilifika kazini nikakuta dada wawili wadogo wamelala kwenye kochi la wageni, kila mmoja na nguo zake ndani ya mfuko wa takataka, kwa kuwa hapakupatikana familia ya kuwapokea. Mkubwa akaniuliza kama hapo ndipo watakapoishi. Nikamwambia hapana, kisha nikaenda chooni nikajifuta uso.

Umesikia redioni habari za sheria mpya. Wabunge wa jimbo walitujia mwezi wa nne kutusikiliza, na suti zao, na karamu ya biskuti. Mmoja akauliza tunahitaji nini hasa. Bosi wetu Rudd Pettrey akamjibu kwamba angeanza na kahawa isiyokuwa na ladha ya msumari. Tulicheka mpaka machozi, na mbunge naye akacheka, akaandika kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa nao, maana haya ni mageuzi ya nne tangu niajiriwe. Yale matatu ya kwanza yalituletea fomu ndefu zaidi na majalada ya rangi nyingine, basi.

Haya ya sasa yameuma, we acha tu. Sheria inasema mtoto akichukuliwa, ndugu zake ndio watafutwe kwanza, kabla ya mgeni yeyote. Tena inasema majalada yote ya zamani yafunguliwe upya. Kila ndugu aliyeandikwa kuwa amekataa kumpokea mtoto aulizwe tena, kwa kinywa chake mwenyewe, na jibu alitie sahihi kwa mkono wake.

Wa kufungua majalada tuliletewa kutoka makao makuu. Ni binti mmoja, Bi. Kessler, miaka ishirini na sita, amekuja na viatu vya kupendezea mjini. Siku ya kwanza matope ya kwa akina Sizemore yalimvua kimoja, na sisi wakongwe hatukumwonea huruma, tukamuuliza kama kile kingine anakiuza. Lakini mtoto yule anachimba, Dada. Wiki ya kwanza tu alimpata shangazi wa mvulana mmoja aliyekaa miaka minne kwa watu baki. Shangazi mwenyewe anaishi kona mbili tu kutoka mahakamani, na hakuna aliyewahi kumgongea mlango. Tuliokuwa tunamcheka tukakoma.

Wiki iliyopita akafungua jalada la Calla.

Najua hakuna siku unayohitaji mtu akukumbushe. Miaka kumi na mmoja imepita tangu marehemu Marlena wako akutwe amezimia garini, vidonge vimemwagika mapajani, na mtoto wa miaka mitano kiti cha nyuma akila mkate. Mjukuu wako sasa ana miaka kumi na sita. Yuko kwenye nyumba yake ya saba, saa nne kwa gari kutoka kwako. Bi. Kessler alikwenda kumwona Jumanne. Anasema ni mrefu, ana kidevu cha Doyle, na ana mdomo, maana alivitazama vile viatu akamuuliza kama ameviazima. Wanaomlea sasa ni watu wazuri, lakini ni wazee na wanahamia kwa mtoto wao wa kiume mwakani. Asipopatikana wa kumchukua atapelekwa kwenye bweni la serikali, akae na wasichana ishirini mpaka afikishe miaka kumi na minane, kisha aonyeshwe mlango.

Bi. Kessler akamuuliza kama angependa kuishi na bibi yake. Calla akamjibu kwamba bibi aliulizwa zamani akasema hamtaki. Alikuwa amelisoma jalada lake mwenyewe alipotimiza miaka kumi na minne, kwa kuwa sheria inaruhusu, na maneno yapo pale kwa wino. Akasema sasa anatakiwa akang'ang'anie mlango wa mtu aliyekwisha kumfungia? Akaomba wazungumze mambo mengine.

Bi. Kessler aliporudi alivuta kiti mezani kwangu. Alikuwa mpole, heri angenifokea. Akasema jibu la bibi halina tarehe, halina namba ya simu iliyopigwa, lina jina la aliyelileta tu, na jina hilo ni langu. Akaniuliza kama kweli dada yangu alikataa.

Dada, kama umesimama, kaa.

Hukuulizwa. Hakuna aliyekupigia simu wala aliyekuja kwako. Aliyeshika kesi ile alikuwa marehemu Burl, na alikuwa na siku tatu tu za kumpelekea hakimu majina ya ndugu. Unajua tulivyokuwa tukifanya kazi huku kwetu. Kila mtu anamjua kila mtu, basi badala ya kupiga simu unamuuliza mwenzako wa meza ya pili. Burl akanijia akasema huyu mtoto ni wa kwetu, je, dada yangu atamchukua au asijisumbue? Nikamwambia ulivyoniambia jikoni Jumamosi mbili kabla, ukimenya viazi, na Doyle anakohoa chumba cha pili na mtungi wake wa hewa. Ulisema umelea vya kutosha, hutaki kuona hata mtoto wa paka ndani ya nyumba hii. Burl akaandika kwamba bibi mzaa mama amekataa. Ikawa imekwisha, kwa muda wa mtu kunywa kikombe kimoja.

Nilijua hukumaanisha. Ni maneno ya mtu aliyechoka, kila mwanamke wa bonde lile amewahi kuyasema. Siku ile ile, viazi havijaiva, ulikuwa unaniuliza kama Calla bado anaogopa radi. Niliyasikia yote mawili, nikampelekea Burl moja.

Laiti ningeweza kuishia hapo na kukwambia nilikuwa nakuhurumia wewe na mgonjwa wako. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya miaka yote. Ukweli ni kwamba wakati ule nilikaa nyumba ya pili kutoka kwako. Nilijua Calla akija, nusu ya mzigo ni wangu: kumpeleka shule, kumuuguza, kukaa naye ukiwa hospitali na Doyle. Mchana kutwa nilikuwa nabeba watoto wa watu. Nilitaka jioni nifunge mlango wangu pasiwe na mtoto. Ndiyo hiyo tu, Dada. Nilikuwa mvivu wa moyo, na mtoto wa damu yetu akalipia.

Na ulipokuja kuniuliza kwa nini wamekunyima, nikakwambia ni lile jiko la kuni, kwamba sheria hailitaki kwenye nyumba ya mtoto. Doyle alilijenga kwa mikono yake akiwa bado na mapafu. Ukamwita mtu akalibomoa, mgonjwa akakaa na jiko dogo la umeme lisilopasha hata paka, mkangoja. Kila ulipouliza tena nikazua jingine. Na wewe ukinishukuru kwa kukufuatilia! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ulikuwa unakilisha maharagwe na mkate wa mahindi kila Jumapili baada ya ibada.

Nimemwambia Bi. Kessler yote. Nikaandika, nikatia sahihi, nikampelekea Rudd. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia niache funguo za gari na niende nyumbani mpaka nitakapoitwa. Huenda wakanifukuza. Usiende kuniombea kwa mtu yeyote, tafadhali, hata kama moyo utakutuma. Msamaha nao sikuombi leo. Nikikuomba utajiona una deni la kunijibu, na una kazi nyingine ya kufanya kwanza.

Kazi yenyewe ni hii. Alhamisi saa nne asubuhi hakimu atasikiliza shauri la Calla. Bi. Kessler atakuja kwako Jumanne na karatasi, akuulize, na utajibu kwa kinywa chako. Chumba unacho, afya unayo ya kutosha, na jiko la kuni halikuwahi kumzuia mtu. Kwa upande wa ofisi hakuna kipingamizi, amenihakikishia. Lakini karatasi haitamtosha Calla, na akimwambia hakimu hataki, hakimu atamsikiliza. Bi. Kessler alimpigia jana akamweleza kwamba jalada lilikosewa. Calla akasema watu wazima wa ofisini ni hodari sana wa kueleza, ameelezwa tangu ana miaka mitano. Kama bibi yake ana neno, aliseme mwenyewe. Yeye hapigi simu ya kwanza.

Namba ya nyumba anayokaa nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Wanaomlea wanajua na wamekubali. Anarudi kutoka shule saa tisa na nusu.

Ningeweza kukupigia, lakini nakujua. Ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, na mimi sistahili. Kwa hiyo kesho ukiwa kanisani nitapita niitumbukize barua hii kwenye sanduku lako, niondoke kama mwizi. Utaisoma ukiwa na siku nzima ya kunilaani, nilaani utakavyo. Ila Jumatatu ikifika saa tisa na nusu, kabla hujanipigia mimi kunitukana, mpigie yeye. Huenda akanyamaza. Huenda akakujibu ovyo, maana amejifunza kwa watu wengi. Usikate simu. Usinitetee, usimweleze habari za Doyle wala za viazi. Mwambie hukuulizwa.

Nisalimie wote wa kanisani, na usitoke na goti hilo kwenye barafu asubuhi. Mengine yote yatangoja.

Ni mimi mdogo wako,

Imogene