Kiingereza cha Anti Geok

Jumatatu, 9 Agosti 2021

Nimehamishiwa upande wa mashariki wa hii nyumba ya wazee. Wafanyakazi watatu wa huko wako karantini. Nimepangwa na Nella, Mrundi, mcheshi hata chini ya barakoa.

Asubuhi tulikuwa tunampeleka Anti Geok kuoga. Mama wa Penang, Malaysia, miaka themanini na tatu, kiti cha magurudumu tangu apate stroke. Mlangoni akaanza kuita kwa nguvu: gostan, gostan! Nella akaniambia nisijali, anamwita marehemu mumewe. Hata kwenye faili iko.

Nikasimama hapo hapo. Gostan si mtu! Gostan ni "rudi nyuma". Nimelisikia neno hilo miaka minne nikisoma Subang, huko huko Malaysia, kila mtu akielekeza gari kwenye parking. Nikavuta kiti. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimebanwa na mlango. Maskini. Ameita mara ngapi, na sisi tunampa pole ya mume?

Nikainama, nikamwuliza kama tulivyokuwa tunaulizana Subang: "Aunty, eat already?"

Akaniangalia. Akaniangalia tena. "Eat already lah. Porridge. Where got taste."

Yaani uji wenyewe hauna ladha hata kidogo. Nikacheka mpaka face shield ikashika ukungu. Nella akauliza hiyo ni lugha gani. Nikamwambia Kiingereza. Akasema hapana dada, Kiingereza anakijua, amekifanyia mtihani.

Nimetembea kutoka stesheni ya treni ya Doonside, mtaa wetu hapa ugenini, mpaka nyumbani kama mtu aliyeshinda kitu.

Jumanne, 10 Agosti

Nimesoma faili yake wakati wa chai.

Kila jioni anaulizwa kama ana maumivu. Kila jioni anajibu "where got pain", yaani maumivu yatoke wapi, sina. Na kila jioni wameandika: got pain. Wakaongeza dawa. Dawa inamlaza mpaka saa nne asubuhi. Halafu wanaandika kwamba amechanganyikiwa, haamki.

Wameandika pia kwamba anadhani mumewe alimpeleka kazini juzi. Yeye alisema "last time". Kwao last time si juzi. Ni zamani, enzi zile.

Na sasa wanataka kumpeleka upande unaofungwa kwa namba ya siri, wa waliopoteza kumbukumbu. Kitanda kiko tayari Ijumaa. Alhamisi daktari wa kumbukumbu anampima kwa Zoom.

Nikamwendea Sister Cheryl, ndiye msimamizi wa zamu. Mkenya mwenzangu, lakini kazini hana mchezo. Akasema mimi si mkalimani, na tena hapo kwa lugha imeandikwa English.

Nikamwambia, "Sister, hiyo English iko na wenyewe."

Macho yake mekundu, ni zamu ya sita mfululizo. Halafu akashika simu, akampigia daktari anayemwandikia dawa mbele yangu. Dozi ya jioni imesimamishwa kwanza!

Jumatano, 11 Agosti

Off. Mvua. Hatutoki, ni amri ya korona.

Ukweli niuandike hapa. Mwezi wangu wa kwanza Subang niliwacheka. Mama aliyekuwa akituuzia wali aliniuliza "want chili or not", nami nikaenda kumwigiza hosteli. Tulicheka sana. Mimi wa Nyeri, na r na l zangu zinavyogombana! Sijui kama alinisikia.

Alhamisi, 12 Agosti

Siwezi kukaa chini. Naandika nimesimama jikoni.

Anti Geok aliamka saa kumi na mbili bila kuitwa. Siku mbili tu bila dawa ile! Akachagua blauzi mwenyewe. Akataka lipstick. Nella akampaka.

Daktari akatokea kwenye tablet. Kijana, mpole, ila ana haraka. Akamwuliza mumewe yuko wapi. Anti akajibu: "Last time he send me work every day. Now pass away already, nine years." Nikataka kueleza. Daktari akasema tafadhali mwache ajibu mwenyewe. Nikafunga mdomo. Akaandika. Nikamwona anaandika!

Akamwuliza kama huwa anapotea njia. "Where got!" Daktari akarudia taratibu, akiinua sauti kama anaongea na kiziwi: wapi? Ulipotea wapi?

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema daktari, samahani, amesema hajawahi. Sister Cheryl alikuwa mlangoni. Nilidhani atanitoa. Akasema, "Msikilize huyu, daktari. Ameishi huko."

Basi nikaeleza. Last time ni zamani. Send ni kumpeleka kwa gari. Daktari akakuna kidevu, akauliza kwani mama alifanya kazi gani.

Anti Geok akajinyoosha. Akanyanyua mkono hadi sikioni, kana kwamba ameshika simu. Ikatoka sauti nyingine kabisa, laini, safi, ya watu wakubwa: "Number, please. I am so sorry to have kept you waiting, sir." Akaendelea hivyo, akamwunganisha mtu na Singapore, akamwomba radhi mwingine. Miaka thelathini alikuwa opareta wa simu Penang!

Daktari akauliza, sasa kwa nini haongei hivyo kila siku?

Akashusha mkono. "That one for work," akasema. "This one for talking."

Nella alilia. Mimi pia, lakini nilikuwa na face shield.

Ijumaa, 13 Agosti

Hajahamishwa! Daktari anataka kumpima upya Jumatano, na mkalimani rasmi, maana mfanyakazi hawezi kutafsiri na ikakubaliwa kwenye karatasi. Kitanda cha kule bado wamemwekea.

Leo nimemwuliza habari za mumewe. Aliitwa Ratnam, Mtamil. Wazazi wa pande zote mbili walikataa. Yeye hakujua Kitamil, mume hakujua Kihokkien, lugha ya Wachina wa kwao. Wakaishi miaka hamsini ndani ya hiki hiki Kiingereza tunachokiandika kama ugonjwa. Wamegombana nacho, wamelea binti nacho.

Nilimsimulia Nella kwa Kiswahili. Akasema na sisi je, mimi na wewe tunaongea nini hapa?

Jumatatu, 16 Agosti

Chumba cha chai, saa tano na robo. Fomu ya mkalimani inatakiwa saa sita, na Sister Cheryl ameniachia niijaze.

Lugha ya mgonjwa: chagua moja.

Sister anasema niweke Hokkien. Hapo tutapata mkalimani, angalau. Nikiweka English, hakuna mkalimani wala mtu wa kukaa naye. Jumatano atakuwa peke yake na daktari yule, na safari hii Sister hatakuwa zamu kunitetea niingie. Nimempigia binti yake Penang, mipaka imemfungia huko. Alilia. Akasema Hokkien mama hajaiongea tangu bibi, mama yake, afe, karibu miaka arobaini. Atashindwa hata kuhesabu. Lakini akasema niweke tu, kama itasaidia.

Nikaona nimwulize mwenyewe. Nikampelekea fomu na kalamu chumbani, nikamwonyesha hayo majina ya lugha.

"English lah," akasema. "You think what?"

Nikamweleza taabu iliyopo. Polepole, kila kitu, hata kile kitanda. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nikiweka hiyo Hokkien, huyo mkalimani atauliza habari za Ratnam. Nikasema lazima. Akasema basi hatakuwa na neno hata moja la kumjibia, kwa sababu hajawahi kumtaja Ratnam kwa Kihokkien. Mama yake alimkataza.

Kisha akanirudishia kalamu, akageuza kiti kuelekea dirishani.

Saa tano na nusu. Nimeandika jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya chumba. Sister amechungulia mara moja. Kwenye lugha bado sijatia alama.