Mama Nipo, Uliyekataza Neno "Usiogope"

Mama,

Mwaka mmoja umetimia tangu uiname barazani kufunga kamba za viatu na usiinuke tena. Ulikuwa unakwenda kwa mwanamke aliyekuwa ameanza uchungu, na mkoba wako ulikuwa tayari begani. Tunaanza na hili kwa sababu msibani yalisemwa mengi: kwamba ulijichosha, kwamba ulijibebesha mizigo ya watu, kwamba hukumeza dawa zako za presha. Dawa ulimeza. Daktari alitueleza kuwa mshipa wa kichwani ulipasuka, na kwamba wakati mwingine hupasuka hata kwa anayemeza dawa. Hatujui zaidi ya hapo, na hatutaongeza.

Kabla hatujakuinua, simu yako ililia ndani ya mkoba. Baba aliipokea. Sauti ya mwanamke, iliyokatwakatwa na maumivu, iliuliza kama walivyozoea kuuliza wote: "Mama Nipo, upo?"

Baba hajawahi kukosa jibu kwa mteja kwenye kibanda chake cha cherehani. Siku ile aliketi kwanza sakafuni, kando yako. Kisha akasema, "Mwanangu, nenda hospitali sasa hivi. Usimsubiri." Yule mama alijifungua salama. Tulimtafuta baadaye tukahakikisha, kwa sababu wewe ungeuliza.

Uliwachosha watu kwa kuwaeleza kwamba wewe si mkunga. "Mkunga anampokea mtoto," ulisema. "Mimi nampokea mama." Hukupima, hukuchoma sindano, hukukata kitovu. Cheti chako kilisema "mwenzi wa uzazi", na wifi yako, shangazi yetu, alipokisoma alicheka: "Mwenzi? Kwani mume wao kaenda wapi?"

"Mume yupo, wifi," ulimjibu. "Ndiye ninayemfundisha asizimie."

Wakati wa mimba uliwafuata watu majumbani. Uliketi na mke na mume kwenye kochi lao, ukawauliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza: nani atabaki na mtoto mkubwa, gari litatoka kwa nani, mama mkwe aingie chumbani au asiingie. Uliwafundisha kupumua, kutembea na kuegemea ukuta. Uliwafundisha dalili za kukimbilia hospitali. Swali la mkunga ulimpelekea mkunga. Hukujifanya unajua lisilo lako.

Wakati wa uchungu ulisimama upande wa kichwa. Kucha zako zilikuwa fupi na hukujipaka manukato, kwa kuwa mwanamke mwenye uchungu hutapika kwa harufu ambayo jana aliipenda. Ulimfuta jasho, ukamnywesha maji kidogo kidogo, ukamkanda mgongo chini kabisa, pale mfupa unapouma. Daktari alipozungumza haraka, ulimwomba arudie polepole, kwa adabu, mpaka mama aelewe anachoambiwa. Na mama alipofumba macho akauliza, "Upo?" ulijibu, "Nipo." Alipouliza tena ulijibu tena, kwa sauti ile ile. Jina lako lilitoka hapo. Manesi wapya walikutazama kwa jicho la pembeni; wa zamani walikusogezea kiti.

Baada ya kujifungua, wageni walipomiminika kumshika mtoto kwa zamu, wewe ulikwenda jikoni kuosha vyombo. Ulimkalisha mzazi vizuri ili mtoto ashike ziwa na si chuchu peke yake. Uliuliza damu inatoka kiasi gani, na uliuliza habari za machozi kwa sauti ile ile uliyoulizia damu. Jirani mmoja alikaa akipiga soga mpaka mzazi akasinzia ameketi. Ulimletea viatu vyake mkononi. "Dada, nimekupangusia vumbi." Alielewa, akaaga.

Si kila ulikokwenda mtoto alilia. Siku hizo ulirudi ukanawa mikono kwenye bomba la nje, tena na tena. Mama aliyefiwa ulimtembelea mara nyingi kuliko waliopata watoto. Tulipouliza kwa nini, ulisema kwake hakuna wageni.

Kuna neno moja hukulivumilia: "usiogope." Tunakumbuka kisa cha mwalimu wa hesabu, ambacho yeye mwenyewe alikuruhusu ukisimulie. Kila uchungu ulipompanda, mumewe alimwambia, "Usiogope, mke wangu, usiogope."

"Shemeji," ulimwambia, "hilo neno kaliache nje. Ukimwambia asiogope, hataacha kuogopa. Ataacha kukuambia."

Ukamwinamia mke. "Unaogopa nini, mwalimu?"

Alikunong'oneza. Aliogopa kujisaidia pale kitandani mbele ya nesi wa zamu, kwa kuwa nesi yule alikuwa amesoma kwake.

"Likitokea litatokea," ulisema. "Na mwanafunzi wako atalitoa. Si ulimfundisha kujumlisha na kutoa?" Mwalimu alicheka katikati ya maumivu, na nesi akacheka zaidi.

Nyumbani ulitueleza kwamba hofu ziko mbili: ya kushikwa mkono na ya kuitiwa daktari. Kwa nje zinafanana. Huwezi kuzitenganisha mpaka mwenye nayo aitaje.

Tunayaandika haya kwa sababu mwaka huu hofu imehamia kwetu.

Binti yako wa mwisho alipata mimba. Ni yule uliyemwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wako. Alipotangaza, shangazi alipiga mikono: "Kitindamimba na mimba tena? Si ilishatindwa?" Tulicheka, kisha kila mmoja wetu akawaza jambo lile lile na hakuna aliyelisema: nani ataingia naye?

Tukaamua kuigawana kazi yako. Lilikuwa kosa la watu waliokusikiliza miaka mingi wakadhani wamesomea. Mwanao mkubwa, mpima ardhi, alichora njia ya kwenda hospitali na njia ya akiba. Shangazi alichukua mgongo. Mume wa Kitinda, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima na mkewe humwita Cheche, alijifunza kupumua kwa bidii hata siku moja akashikwa na kizunguzungu yeye. Binti yako wa kati, karani wa mahakama, alijipa kazi ya kufukuza wageni. Aliifanya vizuri mno. Alimfukuza hata nesi wa kliniki.

Nesi yule alikuja kwa sababu presha ya Kitinda ilikuwa imeanza kupanda, na Kitinda hakurudi kupimwa siku aliyopangiwa. Sisi hatukujua. Kitinda alikuwa ametuambia, "Wamesema niko sawa." Kwa maana asubuhi na jioni, Mama, sote kwa zamu, tulimwambia neno lile ulilolikataza. Naye akafanya kama ulivyosema angefanya. Akaacha kutuambia.

Wiki iliyopita, mchana, alikuwa amelala kwenye kochi, kitambaa chenye maji usoni. Akasema, "Naona cheche."

"Unamwona wapi?" shangazi akadakia. "Si yuko karakana? Haya, mapenzi hayo!"

Kesho yake akasema tena, "Naona cheche tu, shangazi." Tulimtania. Karani akampigia simu Cheche aje, mkewe ana hamu naye. Cheche akaja mbio, mikono ina masizi, amefurahi. Kitinda akamtazama kisha akageukia ukuta. Tukasema ni deko.

Angekuwa anamtaja mumewe, angesema "namwona Cheche". Alisema "naona". Tofauti ni herufi mbili. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua, nasi tulikuwa tumeshika utani, hatukuisikia.

Aliyeisikia ni Baba. Siku ya tatu Kitinda aliposema hivyo, Baba alikuwa pembeni akipinda suruali ya mteja. Alisimamisha cherehani.

"Amesema naona, au namwona?"

Akavuta kigoda, akaketi karibu na kochi.

"Kitinda. Unaogopa nini?"

"Siogopi, Baba."

"Sikukuuliza kama unaogopa. Nimekuuliza nini."

Alilia kwanza. Kisha akasema yote. Kichwa kilikuwa kinamuuma na hakiachi. Mianga ilikuwa ikirukaruka machoni kama karakana ya mumewe. Vidole vilikuwa vimevimba hata pete haitoki. "Nikisema kichwa, mtasema ni kama Mama," alisema. "Nikaona ninyamaze. Niliogopa utaanguka na wewe, Baba."

"Mimi nimeketi. Aliyeketi ataangukia wapi?" Kisha akatugeukia. "Ninyi mliosimama, mwiteni Cheche aje na gari."

"Cheche yupi?" shangazi akauliza. Hakuwa anatania.

Njia aliyoichora mpima ardhi tuliikuta imechimbwa na watu wa mabomba. Ile ya akiba ilifaa. Garini Kitinda alifumba macho, na kila aliponyamaza tulimsemesha, mpaka akaomba tuache kelele.

Presha yake ilikuwa juu sana, na mkojo ulikuwa na protini. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba kifafa cha mimba kilikuwa karibu, kwamba wamemwanzishia dawa ya kuzuia degedege, na kwamba mtoto lazima atolewe kwa upasuaji ingawa miezi haijatimia. Hakutuambia tusiogope. Alisema, "Mtu mmoja anaweza kukaa naye."

Tulitazamana. Karani wa mahakama, ambaye hutazamana na wezi kila siku, alisema hawezi. Shangazi alianza kukohoa. Mpima ardhi alitazama sakafu. Cheche alikuwa ameegemea ukuta.

"Nitazimia," alisema. "Mama angenifundisha. Hakuniwahi."

"Ukizimia," Baba akamwambia, "zimia upande wa kichwa."

Cheche akaingia.

Sisi tulibaki kwenye benchi. Mlango ulifunguliwa mara nyingi, kila mara kwa ajili ya watu wengine. Mpima ardhi alisoma bango la kunawa mikono mpaka akalikariri. Shangazi, ambaye tangu tumfahamu hajawahi kumaliza maneno, alimaliza. Kila mmoja wetu alikuwa anasikiliza kilio cha mtoto na kusikiliza pia sauti ya watu wanaokimbia, asijue kitakachotangulia.

Kilichotangulia ni kilio, chembamba, kama cha paka aliyefungiwa nje.

Mjukuu wako ni wa kike, Mama. Ni mdogo sana. Yuko kwenye chumba cha joto cha watoto njiti, na anapumua mwenyewe. Cheche hakuzimia. Alitoka akatueleza kila kitu kwa mpangilio, nani alisema nini na Kitinda alijibu nini, kisha akaketi chini kwenye sakafu ya korido na hakutaka kuinuliwa.

Tulidhani mtoto akishatoka, hatari imetoka naye. Daktari alitusahihisha. Kifafa kinaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kujifungua, na presha ya Kitinda bado haijashuka inavyotakiwa. Ulikuwa ukiwaeleza wengine hivyo hivyo, kwamba mtoto kuzaliwa si mwisho wa kazi. Tulisikia kama mtu anavyosikia habari za nyumba ya pili.

Kwa hiyo tunaogopa, na tunataja. Tunaogopa namba ya hospitali ikitokea kwenye simu. Tunaogopa Kitinda anapopeleka mkono kichwani, hata akiwa anajikuna. Tunaogopa usingizi wake ukiwa mzito na tunaogopa ukiwa mwepesi. Baba anaogopa kuandika tangazo jingine la kumbukumbu kama hili.

Tunafanya yale machache tunayoyajua. Mmoja wetu yuko kando ya kitanda muda wote. Tunamuuliza habari za kichwa, macho, na maumivu chini ya mbavu, na tunayapeleka majibu kwa nesi kama yalivyo, bila kuyapunguza. Cheche hubeba maziwa aliyokamua mkewe hadi kwenye chumba cha joto, akitembea katikati ya korido kama amebeba moto. Nesi wa kliniki amekuja. Karani alimwekea kiti yeye mwenyewe.

Jana Kitinda aliamka akiwa na nguvu kidogo. Alitukuta tunabishana kwa kunong'ona juu ya tangazo hili, nani atajwe na nani atangulie.

"Mimi mmeniweka wapi?" aliuliza.

Mpima ardhi alimjibu, "Kati ya wanaokumbuka."

Akafikiri. "Sawa. Msinihamishe."

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani, mwanao mkubwa, mpima ardhi, binti yako wa kati, karani wa mahakama, wifi yako, mkweo, Cheche, mjukuu wako, ambaye bado hajapewa jina, na Kitinda, binti yako wa mwisho.

Tutakukumbuka daima, sote tuliotajwa hapa, asipungue hata mmoja.