Sketi Yangu Mpya na Kiti cha Mama Mkwe

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
Mtaa wa nyuma ya soko.
Jumamosi, tarehe 14 Julai.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia mara mbili: moja ni yangu, nyingine ni ya mkwe wako, ambaye sasa hivi yuko jikoni anaosha vyombo na kuimba wimbo asioujua maneno. Hujambo? Goti limezizoea ngazi za huko, au bado unapanda upandeupande kama kaa? Na kikohozi cha binamu yangu mdogo kimepoa? Kila nikisikia upepo dirishani nawakumbuka, maana nasikia huko kwenu ni baridi zaidi.

Sisi afya tunayo. Asubuhi madirisha yanatoka jasho na vidole vyangu vinagoma kushika sindano mpaka nivipulizie, lakini hatujaugua. Ningekupigia simu, ila jambo lililonifanya nikae kuandika nikilisema kwa mdomo nitalia, na wewe huko mbali utadhani nimefukuzwa.

Sijafukuzwa! Nimeolewa vizuri mno, Shangazi. Kwa kuwa safari ilikushinda siku ya harusi, najua umemuuliza kila mtu mwanaume huyu yukoje. Basi niulize mimi. Kwenye karakana anakofanya kazi wanamwita Taratibu kwa jinsi anavyoendesha gari, na mimi nakuambia hata kupenda anapenda taratibu, bila kelele. Akinipeleka kazini huzunguka kiplefti cha njia panda mara mbili ili tusifike upesi. Wenzangu pale kiwandani, tunakoshona ovaroli, hujipanga dirishani na kunisubiri. “Haya, bi harusi kashushwa! Mpisheni, sisi wengine tumekuja kwa miguu.” Naona aibu, lakini kusema kweli aibu hiyo ni tamu.

Gari lenyewe si letu. Ni la baba mkwe. Yule mzee ameendesha malori maisha yake yote, amekalia viti vigumu mpaka anatembea kama bado ameshika usukani. Alipostaafu hakujinunulia kitu. Alitafuta gari lenye viti vinavyopata joto vyenyewe, kwa sababu ya mgongo wa mama mkwe. Mama alikuwa mfuaji wa hospitali, miaka na miaka ameinama juu ya mashuka yaliyolowa, na ule mgongo sasa hauna siku njema. Baba akapata gari la mtumba, viti vyake ngozi, rangi ya maziwa. Unabonyeza swichi, kitaa chekundu kinawaka, na kabla hujafika barabara kuu mgongo umeshakandwa. Cha mbele kushoto, cha abiria, ni cha Mama. Hata wajukuu wanajua.

Tulipooana, Mama alikuwa amepelekwa mji mwingine kupasuliwa huo mgongo, Baba akamfuata ili amuuguze. Akatuachia ufunguo. “Gari halipendi kulala,” alisema. “Liendesheni, lakini kile kiti cha mama yenu mkitunze.” Tulivyoitikia, Shangazi! Kwa pamoja, kama kwaya.

Na kweli tulikitunza. Hatukulia chakula ndani, hatukupanda na viatu vya matope. Kilichotuponza ni mapenzi, na usinicheke.

Mume wangu aliniambia rangi ya buluu inanipendeza. Basi nikaomba kipande cha kile kitambaa kizito cha ovaroli, buluu iliyoiva, nikajishonea sketi. Ikanikaa! Akaniambia nigeuke, nikageuka, akasema nigeuke tena. Unadhani nini? Nikawa siivui. Nikawa hata siifui, maana kitambaa kile ukikifua kinapoteza ule mng’ao. Mimi, fundi cherehani, ninayemwambia kila mteja, “Kifue peke yake kwanza, kinachuja.” Mfinyanzi hulia gaeni.

Naye upande wake alikuwa na mapenzi yake. Alikuwa anatangulia kushuka asubuhi, anawasha gari, anawasha kile kiti cha Mama, ambacho sasa nilikikalia mimi, halafu ndipo anapiga honi. Nikiketi nakuta moto umeshasambaa. Unanipanda mgongoni polepole kama kiganja cha mtu, nami nafumba macho. Hakuna aliyewahi kunipashia kitu moto kabla sijakiomba, Shangazi, isipokuwa wewe na maji yako ya kuoga nilipokuwa mdogo. Nikawa nasema, “Ongeza.” Anaongeza. Asubuhi na jioni, sketi mbichi ya rangi juu ya ngozi nyeupe yenye moto.

Tulikuja kugundua siku tulipoamua kulisafisha gari kwa ajili ya kuwapokea wazee. Mume wangu akafungua mlango, akachungulia, akaanza kucheka. “Njoo uone! Mke wangu amejipiga chapa.” Nikatazama. Nilikuwepo pale kitini bila kuwepo. Mapaja mawili, nyonga, mpaka mshono wa mfuko wa nyuma ulionekana, vyote buluu ya kufifia kama wino uliomwagikiwa maji. Tulicheka wote wawili mpaka nikamshika bega. Halafu nikalowesha kitambaa, nikafuta, nikaangalia kitambaa. Kilikuwa safi. Buluu haikusogea hata kidogo. Hapo kicheko kikakatika.

Tulijaribu sabuni ya maji, tukajaribu dawa ya meno. Jirani yetu mwenye saluni akasikia tunasugua, akashuka na chupa. “Hii inatoa rangi ya kucha iliyokaa mwezi, itashindwa na hicho?” Haikushindwa, Shangazi. Ilitoa buluu, ikatoa na maziwa yenyewe. Tulipofuta pakabaki kiraka cha kijivu, kikavu, kinakwaruza kama ulimi wa paka. Jirani akafunga chupa yake taratibu. “Basi kumbe ngozi yenyewe ilikuwa imepakwa rangi,” akasema, akapanda ngazi zake. Ningemwambia nini? Mkono uliomwaga ulikuwa wangu.

Ndipo tukalipeleka kwa waosha magari. Walikuwa na uhakika sana! Walipuliza povu, wakasugua kwa brashi, wakamwaga maji, wakavuta na mashine, na mimi nimesimama kando nimekumbatia mkoba. Kiti kikarudi kimelowa chapachapa. Mkubwa wao akatuambia tukiache juani siku nzima. Jua gani, kwa baridi hii? Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paa. Mume wangu akakitazama kiti, akanitazama. Nami ndiye niliyesema. Ndiyo, mimi. “Si kina moto wake chenyewe? Kiwashe kijikaushe.”

Akakiwasha mpaka mwisho.

Kwanza ikatoka harufu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Kisha doa likaanza kujichora upya mbele ya macho yetu: katikati kijivu, pembeni mstari wa kahawia, kama chai iliyokaukia kikombeni. Kisha kile kitaa chekundu kikapepesa, kikazimika. Tulibonyeza tena na tena. Nilibonyeza mimi, akabonyeza yeye, kana kwamba kidole cha mwingine kingekuwa na bahati zaidi.

Fundi umeme wa karakana yao amekifungua leo asubuhi. Ni mtu wa maneno machache. Amesema waya za ndani zimeungua, na kiti cha namna hii hakirekebishwi hapa, kinaagizwa kizima kutoka nje, na hajui kinafika lini. Mume wangu akamwuliza kama hakuna hata njia ya kuunganisha kwa siku moja tu. Yule fundi akanitazama mimi, akasema, “Shemeji, nikiunganisha hivihivi, nitamchoma mtu.” Akakirudisha kiti mahali pake na hakutudai kitu. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu asipokudai, ujue amekuhurumia.

Sasa, Shangazi, sikiliza kwa nini nimeandika. Doa hata silijali tena. Doa lingefunikwa na kitambaa, ningelishonea foronya nzuri kuliko kiti chenyewe. Lakini wazee wanafika kesho kwa treni. Kutoka stesheni hadi kwao ni mwendo mrefu, barabara ina mashimo, na Mama ana mshono mbichi mgongoni. Foronya haimkandi mtu.

Tulikubaliana tuwaambie leo. Mume wangu akapiga simu. Baba akapokea kwa furaha, na mume wangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, akamwuliza hali ya hewa ya huko. Akanikabidhi simu mimi. Nikamwamkia Baba. Kabla sijaendelea akasema, “Mama yenu tangu jana anakisema kiti chake tu. Viti vya hospitali vimemkondesha.” Nikamwambia, “Baba, kiti tumekiharibu. Kimeingia rangi, na moto umekufa.” Nikasikia sauti ya Mama nyuma yake, dhaifu lakini ina mzaha: “Nani huyo, bi harusi? Mwambie amhimize mumewe akiwashe mapema, yule ni Taratibu!”

Nikasubiri Baba agombe. Ningeshukuru angegomba. Alisema tu, “Nimesikia, mwanangu,” akakata simu. Sijui kama ameniambia mimi au amemwambia yeye. Sijui kama Mama ameshajua, au mzee atalibeba peke yake kwenye treni usiku kucha. Tulikaa hapa kitandani tumeshikana mikono kama watoto waliovunja chungu, kisha yeye akainuka kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Ungekuwa hapa ungetuambia la kufanya. Nimejaza chupa za maji moto kichwani mwangu, nimewaza mito, nimewaza tukodi gari la mtu. Chupa zitapoa kabla treni haijafika, mito itamkunja mgongo, na hakuna gari la kukodi mtaani kwetu lenye kiti kama kile. Kila njia ninayoishika inakatikia mkononi. Nimeolewa juzijuzi tu, Shangazi. Nilitaka Mama anipende kabla hajanijua, halafu akishanijua anipende zaidi.

Nitakachofanya ni kidogo, na pengine ni upuuzi. Kesho kabla hatujaondoka nitavaa gauni langu la pamba nyeupe, lile lililofuliwa mpaka halina rangi ya kumwachia mtu. Nitakaa kwenye kile kiti, nitaegemeza mgongo wote, nijifunike blanketi, na sitasogea mpaka stesheni. Treni ikichelewa nitabaki humohumo. Mume wangu atashuka peke yake kuwapokea. Mama akifika mlangoni ndipo nitakapoinuka nimpishe. Joto litakalokuwepo halitafika hata kituo cha kwanza cha mafuta, najua. Ila akiketi asikute baridi.

Wasalimie binamu zangu wote, na mkubwa mwambie zawadi yake ya mashuka ndiyo tunayolalia. Msalimie Bibi, mwinamie sikioni umwambie mjukuu wake anakula vizuri. Mkwe wako anakusalimu kwa mikono yenye povu. Baba yangu naye anasema goti ulikande, usilisingizie uzee.

Mungu akulinde na ngazi hizo, akufungulie njia uje utuone, na utuombee, hasa Mama, mshono wake usiguswe na shimo lolote barabarani.

Mimi wako nikupendaye kwa moyo wote, ambao leo umenywea kidogo,

Mwana wa kaka yako, bi harusi.