Vita Vyako na Mzee Yoramu

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea mwenyewe kwa fimbo ya kuamkia wakubwa, na sidhani kama kufa kunakuondolea ukubwa wako. Marahaba yako nitaipokea siku tutakayoonana, usiharakishe kunileta.

Nakuandikia nikiwa ofisini hapa Tunduma. Mtandao umelala tangu asubuhi, malori yamejipanga hadi sioni mwisho wake, madereva wananuna, na sisi maajenti wa forodha tumekaa tunatazamana kama watu wa matanga. Nikaona badala ya kunywa chai ya nne, nizungumze na wewe. Nina habari, tena habari njema, ila ina mwiba ndani yake.

Tumaini anaolewa! Ndiyo, Tumaini wa kaka, yule uliyekuwa unamtuma aongeze sauti ya redio kila dakika mpaka akasema bora angezaliwa betri. Wageni wa mahari wanakuja Jumamosi, nyumbani kwako Vwawa, sebule ile ile. Na kwa kuwa wewe umetuachia, kiti cha shangazi wa binti nakikalia mimi. Mimi niliyekuwa nyuma ya pazia juzi tu! Sasa kaa vizuri huko uliko nikwambie mshenga wao ni nani. Ni Mzee Yoramu.

Kijana anayemwoa Tumaini ni jirani wa mzee huyo, na inaonekana upande wao wanaamini kwamba aliyeleta mke mmoja kutoka Vwawa, yaani mimi, anajua njia. Juzi mzee mwenyewe alipita hapa ofisini kunitaarifu. Alisimama mlangoni, mkongojo mkononi, akasema, "Mama, Jumamosi nakuja. Lakini mimi siwezi kuketi sebule ile kimya kama niko ibadani. Nani atanibishia?" Akacheka, kisha akavua kofia na kujifuta uso nayo. Nikamkaribisha chai.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Si ng'ombe, si blanketi la bibi. Ni kwamba yule mzee anakuja kukutafuta wewe, na atanikuta mimi.

Unakumbuka vita ile ya ng'ambo, jirani alipomvamia jirani, ilivyoanza kutangazwa? Wengine tulisikia tukaendelea kumenya viazi. Wewe ukaacha kumenya. Tangu siku hiyo taarifa ya habari ikawa ibada ya nyumba, asiyenyamaza anatoka nje. Mbolea ilipopanda bei ukarudi kutoka dukani mikono mitupu, ukasimama katikati ya kahawa yako ukapiga kelele, "Wanapigana huko, shamba langu linakufa njaa huku, halafu mtu aniambie hayatuhusu!" Kufikia masika ulikuwa unajua majina ya makombora kuliko majina ya wajukuu wa majirani.

Na msimamo wako haukuyumba hata siku moja. Mtu akivamiwa apewe silaha, tena nyingi, tena mapema, basi. Nchi za Magharibi zikichelewesha vifaru ulizikemea kama mafundi waliokula malipo ya awali. Nilidhani ni ukali wako tu, mpaka jioni ile ulipozima redio na kunisimulia kuhusu mumeo, alivyoondoka kwenda vita vya Kagera ukiwa msichana mbichi, akarudi na mguu uliokuwa ukimsumbua kila mvua ikikaribia. Ukasema, "Tulivamiwa, mwanangu. Wapo waliotuambia tutulie tuzungumze. Waliosema hivyo walikuwa wamelala makwao." Ukaiwasha tena redio.

Sasa nije kwenye siku ile. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao akina mama wa kanisani walishaacha kuniuliza lini na wakaanza kuniambia Mungu ni mwema. Halafu akatokea Elia, mpole, anacheka na macho, na nilimpenda mpaka nikawa nasahau nyaraka za wateja. Ukoo wake ukamleta Mzee Yoramu kuwa mshenga, dereva mstaafu wa malori ya Kongo, mtu wa salamu ndefu. Aliingia akainama, "Mwapoleni mukwai," Kibemba chake cha barabarani, na wewe ukajibu kwa Kinyiha chetu kwa makusudi.

Mambo yalikwenda vizuri. Mmefika kwenye ng'ombe, mmeelewana karibu wote, amebaki ng'ombe mmoja tu wa kubishaniwa. Mimi niko chumbani nyuma ya pazia, simu inatetemeka mkononi, Elia anauliza kutoka Tunduma, "Vipi huko?" Na hapo ndipo uliposema taarifa ya habari imefika, tusimame kidogo tusikilize.

Jamani, Shangazi! Katikati ya mahari ya mwanao!

Redio ikasema wanapeleka silaha zaidi. Wewe ukasema, "Zimechelewa." Mzee Yoramu akaguna, na wewe ukataka ufafanuzi wa ule mguno.

"Mama," akasema, "mimi nimeendesha lori miaka yote kule Kongo. Silaha haistaafu. Vita inaisha, bunduki inabaki, inatafuta kazi nyingine. Na haina pasipoti, inavuka mpaka bila ajenti. Hao wakae chini wazungumze."

"Wakae chini wapi? Jambazi yuko sebuleni kwako, ameshika rimoti ya televisheni yako, wewe unamletea meza ya mazungumzo?"

"Na huyo jirani anayekurushia panga kupitia dirisha, mbona mwenyewe haingii?"

"Afadhali anayerusha panga kuliko anayerusha ushauri!"

Elia akauliza tena, vipi. Nikamwandikia, "Wamefika kwenye vifaru." Akanijibu kwa alama tupu za kuuliza. Masikini, angeelewaje?

Ningecheka kama lisingefuata lile neno. Mzee Yoramu alikuwa amepandwa na joto, akasema bila kufikiri, "Ndiyo maana binti yenu amekaa mpaka umri huu. Nyumba hii haijui suluhu."

Nilisikia hata kijiko cha mtu kikigusa kikombe. Ukasimama, Shangazi, nikaiona kanga yako ikipita kwenye upenyo wa pazia. Ukasema kwa sauti ndogo, ile sauti yako mbaya, "Posa yenu mmekuja nayo, na njia mnaijua. Mimi naenda kuangalia mbuzi." Ukatoka mlango wa nyuma.

Mbuzi gani? Wa mwisho tuliuza Tumaini alipoingia sekondari.

Wazee wa upande wa Elia wakaanza kutafuta kofia zao. Nikaona maisha yangu yanaondoka kwa sababu ya vifaru ambavyo sijawahi hata kuviona. Nikatoka kwa dirisha, sioni haya kusema, mwali wa miaka thelathini na minne kwa dirisha, nikakimbilia jikoni kwa wifi, mama Tumaini. Unajua desturi yetu: chakula hakitoki jikoni mpaka shangazi wa binti atamke "tumeelewana." Kuku akishatua mezani maneno yamekwisha, hakuna wa kurudi nyuma. Nikamshika wifi mikono, nikamwambia, "Toa kuku." Akaniambia, "Nitoe kuku, Shangazi anichinje mimi?" Nikalia, nikamwita majina yote mazuri, akakataa katakata. Nikarudi chumbani, safari hii kwa mlango, maana hata heshima niliona haina kazi tena.

Haikupita muda, nikasikia sufuria. Wifi akaingia sebuleni na kuku, akamtua katikati ya meza, na juu ya sahani ya Mzee Yoramu akaweka firigisi. Wazee wakaganda, kofia mikononi. Firigisi kwetu haiwekwi kwa mgeni wa kupita, hupewa mtu mliyekwisha kuwa ndugu. Yoramu akaitazama, akawatazama wenzake, akaketi, akaila. Akaitafuna taratibu mpaka ikaisha.

Ndipo ukarudi, mikono kiunoni. "Nani amemtoa kuku?"

Mzee Yoramu akasimama, mdomo unang'aa mafuta. "Mama, nimesema neno baya juu ya binti yenu, na nimelijua lilipokwisha kutoka. Nimekula firigisi yako. Sasa mimi ni mtoto wa hapa, nichape."

Ukaitazama sahani yake tupu. "Kuku akishatoka, ametoka," ukasema. "Tumeelewana." Vigelegele vikapasuka jikoni, na juu ya vigelegele nikasikia sauti yako, "Lakini kuhusu vifaru hatujaelewana!"

Ndivyo nilivyopata mume. Na ndivyo nilivyopata jina la msaliti, maana tangu siku hiyo hukukosa mtu wa kumsimulia. "Huyu hapa! Mimi niko vitani, yeye anapeleka msaada kwa adui!" Ulisema hivyo kwenye sherehe yangu mbele ya mchungaji. Ulisema hivyo kwa mkunga. Nami nilikubali, nikijua kosa ni langu na kwamba machozi yangu ndiyo yaliyomlainisha wifi.

Na adui mwenyewe akageuka kuwa mgeni wa kudumu. Kila akipita Vwawa lazima ashuke, na samaki wakavu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wamefungwa kwenye gazeti. Anaanzia getini, "Mwapoleni mukwai! Leo Magharibi wamepeleka nini?" Na wewe kutoka ndani, "Pungufu!" Mnakaa mnabishana mpaka chai inapoa, mnapasha, inapoa tena. Sikuwahi kusikia hata mmoja wenu akimwambia mwenzake, hapo umesema kweli. Lakini siku asipokuja ulikuwa unachungulia barabara.

Hata ulipolala kitandani na huwezi kushika kikombe, uliniuliza, "Yoramu anasemaje kuhusu yale makombora mapya?" Nikakwambia anakusalimia sana. Ukafumbua jicho moja. "Sikuuliza salamu." Nilitoka nje nikacheka na kulia kwa pamoja, na siku ya tatu yake ukaondoka. Kwenye mazishi yako Mzee Yoramu hakusema neno lolote. Alisimama tu kando ya kahawa zako, na nadhani ndiyo mara ya kwanza ulipata neno la mwisho.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita nilikuwa na wifi tunachambua mchele wa shughuli. Nikamtania, "Safari hii mimi ndiye shangazi, usije ukatoa kuku kwa machozi ya Tumaini." Wifi akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Machozi yako? Mimi nikuogope wewe kuliko Shangazi? Ulipotoka tu jikoni, yeye akaja dirishani. Alikuwa amejibanza nyuma ya kahawa muda wote. Akaingiza mkono, akafunua sufuria mwenyewe, akachagua, akasema, 'Toa kuku. Firigisi mpe yule mzee mbishi. Na ukimwambia mtu, utanikoma.'"

Shangazi!

Miaka yote ile. Mbele ya mchungaji! Ulinibebesha msalaba wa msaada ambao wewe mwenyewe uliupakia, ukaufunika, ukautuma. Nilikaa na mchele mkononi nisijue nicheke au nije huko Vwawa nikuchimbue tuyamalize. Halafu nikaona: ulikuwa umeshasema neno kubwa mbele ya watu, na kulirudisha huwezi, si wewe huyo. Ukaenda nje kutafuta njia ya kurudi ndani bila kupiga magoti. Na ulinipenda, mwanamke mkali wewe. Ulinipenda kuliko ushindi, na uliona aibu kujulikana.

Vita yenyewe haijatulia, kama unataka kujua. Redio yako ninayo mimi, nimeibadilishia betri, na majina ya makombora yameongezeka. Nikisikiliza nasema Shangazi alikuwa sahihi, mtu hawezi kuambiwa avumilie na watu walioshiba. Likija lori la Kongo na dereva wake akianza kusimulia aliyoyaona njiani, nasema hapana, Mzee Yoramu ndiye aliyeona mbali. Kila mmoja wenu ananivuta upande wake. Kulala nalala, lakini jibu sina, na sitajifanya ninalo kwa kuwa nimekalia kiti chako.

Ila Yoramu haji kutafuta jibu. Anakuja kutafuta ubishi, na ubishi atapata. Jumamosi redio itakuwa juu ya kabati, pale pale. Taarifa ya habari ikifika nitasema tusimame kidogo tusikilize, na akiguna, nitamwambia kwa sauti yako, "Zimechelewa." Nimefanya mazoezi mbele ya Elia, amecheka mpaka mtoto akaamka. Nitambana mzee wa watu mpaka chai ipoe. Tumaini atakuwa nyuma ya pazia ameshika simu, na najua atakavyojisikia, lakini asiwe na wasiwasi.

Maana maneno yakichemka kupita kiasi, nitasimama, nitajifunga kanga yangu, niwaambie wageni naenda kuangalia mbuzi. Firigisi wifi ameshajua ni ya nani.

Lala vizuri, mama yangu wa pili. Mtandao umerudi, malori yanapiga honi.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
uliyemsingizia msaada.