Kitambaa Kiko Langoni

Mulga Siding
12 Novemba

Mwanangu Narelle,

Salamu za vumbi na nzi kutoka nyumbani. Mimi mzima, hofu kwako wewe huko juu ya maji. Goti bado linasumbua, lakini ni lile lile la siku zote, usiniundie tume. Je, meli imeanza kukutana na barafu? Na hao wanasayansi wanakula unachowapikia au wanajivunga tu? Vaa soksi mbili.

Nina habari. Mama yako amekuwa mwanafunzi. Kila Jumanne mchana naketi mezani jikoni na ile tableti uliyoniachia, nahudhuria mihadhara ya mtandaoni. Inahusu kujenga jamii zenye afya, haki na huruma. Tunatoka kila pembe ya nchi, kila mtu na kisanduku chake kwenye skrini, wengine tunawaona paji la uso tu. Simu imenishinda, unayajua masikio yangu, ila huku kila linalosemwa linaandikwa hapo chini. Tatizo ni kwamba hiyo mashine inasikia vibaya kuliko mimi. Mama anayetufundisha alisema tujenge mitaa yenye huruma, mashine ikaandika "mitaa yenye hujuma". Nilicheka peke yangu mpaka chai ikamwagika. Glenys Bohlmann wa ng'ambo ya barabara naye anahudhuria, na sasa kila tukionana ananiuliza, "Avis, hujuma zinaendeleaje?"

Tulifundishwa kwamba upweke unaua kama ugonjwa mwingine wowote, na kwamba kila mtaa ubuni ishara yake ya kujuliana hali. Yetu ni kitambaa cha kufutia vyombo. Kila anayeishi peke yake akiamka anatundika kitambaa kwenye lango lake, na jioni anakitoa. Ikifika saa tatu asubuhi hakipo, jirani anakuja kugonga, na asipofunguliwa anavunja mlango. Wazo ni langu, mwanangu! Nililitoa mbele ya wote wakapiga makofi. Sikuyasikia, lakini niliyaona.

Kwa hiyo yale makao ya wazee ya mjini sasa uyasahau. Ni kweli nilianguka bafuni majira ya baridi, na ni kweli nilikuahidi kwamba nikianguka tena nitahama. Ahadi naikumbuka. Lakini sasa nina mtaa mzima unaoniangalia. Nataka nifie katika nyumba aliyoijenga baba yako, si katika chumba chenye harufu ya dawa ya sakafu.

Mama yako,
Avis


Melini
21 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo mwanafunzi. Mimi mzima, hofu kwako na hilo goti. Barafu tumeiona jana. Mtandao wa huku unakuja na kuondoka utakavyo, kwa hiyo nikichelewa kujibu usidhani nimenuna.

Nimefurahi kusikia unacheka. Kusema kweli nilikuwa naogopa kiangazi hiki, wewe huko na mimi huku hadi Machi. Kitambaa chako ni kipi, kile chenye kasuku wa pinki? Wanasayansi wote nimewasimulia, na mmoja anataka tutundike vitambaa kwenye milango ya vyumba vyetu.

Ila niseme jambo, usikasirike. Zamani Glenys alikuwa anaingia tu jikoni bila kubisha, mnakunywa chai, anakuona uso. Sasa ataangalia kitambaa kutoka dirishani kwake. Isije ikawa mnajuliana hali za vitambaa. Mwambie aendelee kuja.

Mwanao,
Narelle


Mulga Siding
5 Desemba

Mwanangu Narelle,

Mimi mzima, hofu kwako, barafu isikutie kiburi. Hapa upepo wa kaskazini umeanza, ule wa kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Yametokea mambo. Unamkumbuka Clem Rudduck, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa dereva wa malori ya sufu. Wiki iliyopita saa tatu ilipita na langoni kwake hakuna kitambaa. Glenys akagonga, kimya. Akamwita mpwa wake na nyundo, wakabomoa mlango, na gari la wagonjwa likaja likipiga ving'ora mpaka nami nikasikia. Clem alikuwa wapi? Ndani ya beseni la kuogea, amesinzia, uchi kama alivyozaliwa! Alisimama akajifunika gazeti, akawaambia, "Mmekuja kuogeshwa nyote au mmoja mmoja?"

Mtaa mzima tulicheka, ila yeye hakucheka sana. Mwanawe wa Perth alipata habari, akapiga simu kusema kama hawezi hata kukumbuka kitambaa, basi muda wa kumtafutia makao umefika. Clem alikuja kwangu jioni, akakaa pale kwenye kiti cha baba yako, kofia mkononi. Akaandika kwenye karatasi, maana kupiga kelele kumemchosha: "Avis, nitundikie wewe. Nikisahau tena wananichukua."

Ningefanyaje? Mihadhara yote ile ya huruma, halafu nimkatalie mtu kitambaa? Amenipa cha kwake cha akiba, na kila alfajiri kabla jua halijawa kali nakitundika langoni kwake, jioni nakitoa. Hakuna kubisha, hakuna kuchungulia, ndivyo tulivyokubaliana, mtu abaki na heshima yake.

Shukrani yake ni kulalamika. Anasema vibanio vyangu vya nguo vinamwaibisha, eti kitambaa chake kinaning'inia kama chupi, dereva wa lori hatumii vibanio, anafunga fundo. Akanionyesha lile fundo lao la kufungia mizigo, kamba inajipinda mara mbili na kujiuma yenyewe. Nimejaribu, nimeshindwa kulifunga na nimeshindwa kulifungua. Nimemwambia, ukitaka fundo kafunge mwenyewe, mimi ni mtu wa vibanio.

Anasahau sahau, maskini. Juzi aliniita Beryl, jina la marehemu mkewe, mara mbili.

Usimwambie Glenys.

Mama yako,
Avis


Melini
16 Desemba

Mama,

Mimi mzima. Hofu kwako, na leo hofu yenyewe ni ya kweli.

Acha kumtundikia Clem. Nakuomba. Nilicheka habari ya beseni mpaka machozi, lakini nilipofika pale unaposema unamtundikia kitambaa nilisimama nikaenda kupumua nje kwenye baridi. Siku akianguka jikoni kwake, kitambaa chako kitakuwa langoni kinamwambia kila anayepita kwamba yuko salama. Glenys atapita na kukipungia mkono. Unaona ulichofanya? Ile mashine haikukosea, Mama. Hiyo si huruma, ni hujuma, na wewe mwenyewe ndiye uliyebuni.

Na nikuulize swali jingine, unijibu bila kuzunguka: wewe ukimtundikia Clem, cha kwako anatundika nani?

Samahani kwa ukali. Ni umbali. Nikumbushe pia zile keki zako za nazi, Krismasi inakuja na nataka niwaokee watu wa meli. Zangu zinakatika kila mara.

Mwanao,
Narelle


Mulga Siding
28 Desemba

Mwanangu Narelle,

Heri ya Krismasi iliyokwisha pita. Mimi mzima, hofu kwako. Unaandika kama baba yako alivyokuwa anaongea, swali juu ya swali mpaka mtu anaomba maji.

Cha kwangu anatundika nani? Nina mikono yangu na vibanio vyangu, nani mwingine? Usinifanye mtoto.

Krismasi tulikula nyama baridi kwa Glenys, na Clem alikuja na tai. Tulikuwa tunapokezana kukaa mbele ya feni. Joto la mwaka huu si la kawaida, umeme unakatika mchana kutwa, ndege wanaanguka kutoka mitini. Ile mashine yangu ya kupoza hewa imekufa na fundi anasema hadi katikati ya Januari. Nalowesha shuka naivaa kama malkia wa Roma. Kizunguzungu kinakuja kidogo nikisimama ghafla, basi sisimami ghafla.

Usiku silali, ila asubuhi kukipoa narudi kitandani nalala kweli kweli. Jana niliamka saa nne na nusu, jua liko katikati ya sakafu, na hakuna aliyekuja kunibabaisha. Raha iliyoje! Zamani Glenys angeshafika na nyundo.

Mihadhara imefungwa hadi Februari. Nimeyakosa yale mapaji ya nyuso. Mwisho tuliulizwa kila mtu ataje kitu kimoja alichokifanya kwa jirani, nami nilitaka kusema, nikazima tableti.

Namna ya keki nitakuandikia barua ijayo, leo mkono una jasho unateleza. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako,
Avis


Melini
5 Januari

Mama mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Mimi mzima, hofu kwako.

Barua yako nimeipata jana tu, tulikuwa kwenye dhoruba na mtandao ulikatika. Nimeisoma mara nyingi. Uliamka saa nne na nusu na hakuna aliyekuja. Mbona hakuja mtu, Mama? Saa tatu si ndiyo saa yenu?

Labda ulikitundika alfajiri ukarudi kulala. Ni hivyo, sivyo? Niandikie mstari mmoja useme ni hivyo. Nimesoma habari za joto la huko na sikuzipenda. Kunywa maji hata kama huna kiu.

Mwanao,
Narelle


Melini
9 Januari

Mama mpendwa,

Mimi mzima, na leo hofu imepungua kidogo, ingawa hujanijibu.

Nilishindwa kuvumilia nikamwandikia Glenys. Kanijibu leo. Ananiambia nitulie, kitambaa chako chenye kasuku kiko langoni kila asubuhi kabla hata yeye hajaamka, wewe ndiye mwanafunzi bora wa mtaa. Hakuna anayetoka nje kwa joto hili, kila mtu amejifungia na mapazia, kwa hiyo kukuona hajakuona tangu mwaka mpya. Ila kitambaa kipo.

Anayewasumbua ni Clem. Siku kadhaa sasa lango lake halina kitu, wakaenda kugonga wakamkuta mzima, mkali tu. Eti anasema, "Mwulizeni Avis, yeye ndiye kanisahau." Glenys anadhani akili inazidi kumpotea.

Mimi nilielewa, nikacheka. Umenisikiliza! Umeacha kumtundikia, na mzee amenuna. Asante, Mama. Najua haikuwa rahisi kwako. Basi nawe usininunie, niandikie. Nimemwomba Glenys anitumie picha ya lango letu, nimepakumbuka nyumbani. Na zile keki bado nazisubiri.

Mwanao,
Narelle


Melini
10 Januari

Mama,

Mimi mzima. Hofu kwako.

Picha ya Glenys imefika. Mtandao wa hapa hufungua picha polepole, mstari kwa mstari kutoka juu, nami nilikuwa nimekaa na chai yangu naitazama ikishuka. Mbingu nyeupe. Paa la Baba. Mapazia yako, yamefungwa. Kisha lango, kisha kasuku wa pinki. Nikatabasamu. Kisha pembe ya kitambaa, pale ambapo huwa kuna kibanio.

Hakuna kibanio. Kuna kamba. Inajipinda mara mbili na kujiuma yenyewe.

Clem ndiye anayekutundikia. Mlibadilishana, sivyo? Wewe chake, yeye chako, ili asije akachukuliwa mtu. Hakuna kubisha, hakuna kuchungulia. Na anakuja kweli, anasahau jina lako lakini hili halisahau, anakufungia fundo lake alfajiri, analifungua jioni na kurudi kwake, akishangaa kwa nini wewe huji.

Si katazo langu lililokufanya uache. Nilicheka, Mama. Jana nilicheka.

Nimempigia Glenys kwa simu ya meli. Nikamwambia avunje mlango. Akaniambia, "Lakini mpenzi wangu, kitambaa kiko langoni." Nilipiga kelele mpaka nahodha akaja. Glenys akaiacha simu ikiwa wazi, nikasikia mlango wake wa wavu ukijibamiza, kisha laini ikakatika.

Kama umelala tu, na masikio yako hayo, basi samahani kwa mlango, nitautengeneza mimi Machi. Unicheke. Niambie nimekuwa kama Baba. Ile ahadi ya makao ya wazee nimeifuta, sikia, nimeifuta kabisa, sikupaswa kukuwekea. Ni mimi niliyekufanya ufiche. Kaa hapo hapo nyumbani kwako, anguka kila siku ukitaka, mimi nitakuja kukaa nikuinue.

Bwana wa mitambo ya mawasiliano amekuja kusimama mlangoni kwangu. Anasema Glenys yuko kwenye simu. Amevua kofia. Nimemwambia angoje, namwandikia mama yangu na sijamaliza.

Keki za nazi, Mama. Nimezijaribu tena leo asubuhi na zimekatika zote. Unaanza na siagi na sukari, au unaanza na mayai? Hukuniambia. Nijibu.

Mwanao,
Narelle